Dhiraa Saba: Haki ya Njia katika Miji ya Waislamu

Wapo wanaodhani kwamba elimu ya kupanga miji ililetwa na wakoloni, na kwamba Waislamu wa zamani walijenga ovyo, kila mtu apendavyo. Historia yatuonyesha kinyume cha hayo.

Waislamu walipoiteka Madain, mji mkuu wa wafalme wa Uajemi, hali ya hewa ya huko haikuwapatana. Rangi zao zilibadilika na miili ikadhoofu. Habari ilipomfikia Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), alimwamrisha Saad bin Abi Waqqas (R.A.) awatafutie mahali patakapowafaa wao na ngamia wao, pasiwe na mto wala daraja baina yake na wao. Ndipo ulipoanzishwa mji wa Kufa, nchini Iraq, mwaka 17 wa Hijra (638).

At-Tabari ametusimulia katika tarehe yake jinsi mji huo ulivyopimwa. Kitu cha kwanza kuwekwa kilikuwa msikiti. Mpiga mishale hodari alisimama hapo akatupa mishale kila upande, na watu wakaamrishwa wajenge nje ya pale ilipoangukia. Uwanja wa katikati ukabaki wa watu wote. Kisha zikapimwa njia: njia kuu dhiraa 40, zinazofuatia dhiraa 30, nyingine dhiraa 20, na vichochoro dhiraa 7, wala kisiwepo kilicho chini ya hapo. Dhiraa moja ni kadiri ya nusu mita.

Nyumba za kwanza zilikuwa za matete, na moto ukazila. Watu wakaomba ruhusa ya kujenga kwa matofali. Sayyidna Umar aliwakubalia kwa masharti: mtu asizidishe vyumba vitatu, wala wasishindane kwenda juu. Soko nalo lilifanywa kama msikiti: atanguliaye mahali ndiye mwenye haki napo mpaka aondoke au amalize kuuza.

Kipimo kile cha dhiraa 7 hakikuwa kigeni kwao. Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alihukumu kwamba watu wakihitilafiana juu ya njia, ifanywe dhiraa 7. Tena ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Basi ikiwa kuondoa mwiba ni imani, mwenye kusimamisha ukuta njiani atasema nini?

Wazee wetu wa pwani waliielewa haki hii. Vichochoro vya Lamu ni vyembamba kuliko vya Kufa, na si kwa ujinga: wembamba huo huleta kivuli, na punda hupita na mzigo wake. Mwenye haja ya chumba zaidi alijenga wikio juu ya njia, watu wakaendelea kupita chini yake. Unguja nako, Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliwaletea watu wa mji maji safi ya mfereji kutoka chemchemi iliyo nje ya mji.

Ndugu msomaji, tutazame mitaa tunayoijenga sasa. Huyu husogeza ukuta wake hatua moja, na jirani akiona hivyo naye husogeza wake. Mtaro wa maji ya mvua hufukiwa ili upatikane ukumbi, na masika yakija maji huingia kwa mnyonge aliye bondeni. Mgonjwa hubebwa mgongoni kwa kuwa gari haliwezi kufika. Siku ya msiba jeneza hupitishwa kwa kuinamishwa ubavu, na wachukuzi wakikwaruza mabega ukutani.

Kabla ya kuita mafundi, basi, tuchukue kamba tupime, na jirani awepo akishuhudia. Njia hiyo hatukuirithi kwa baba zetu tuigawane. Ni haki ya kila apitaye. Na sote tutapita hapo siku moja, tumebebwa na wenzetu. Asiwe mmoja wetu ndiye aliyeibana njia ya jeneza lake mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.