Nani Hulipa Ili Nani Aimbe? Ugharimiaji na Utangazaji wa Shindano la Nyimbo la Eurovision, 1956–2023

Makala hii inachunguza historia ya ugharimiaji wa Shindano la Nyimbo la Eurovision, linaloandaliwa na mashirika ya utangazaji ya umma chini ya Umoja wa Utangazaji wa Ulaya (EBU). Hoja yake kuu ni kwamba baadhi ya kanuni za shindano hili, ambazo aghalabu hujadiliwa kama masuala ya muziki, haziwezi kueleweka bila kuuliza ni nani anayebeba gharama.

EBU iliundwa mwaka 1950. Mwaka 1954 mtandao wake wa Eurovision ulianza kuunganisha vituo vya televisheni vya nchi mbalimbali, ili picha za kituo kimoja zipokewe na vingine kwa wakati uleule. Mtandao huo ulihitaji vipindi, na shindano likawa mojawapo. La kwanza lilifanyika Lugano, Uswisi, tarehe 24 Mei 1956, likishirikisha nchi saba, kila moja ikiwa na nyimbo mbili. Msingi wake ulikuwa ushirika: mwenyeji aliandaa matangazo, washiriki waligharimia wasanii wao, na wote wakapata kipindi cha jioni nzima ambacho shirika moja lisingekimudu kwa urahisi.

Udhaifu wa mpango huo ulijitokeza mapema. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika Eurovision, mshindi alitunukiwa pia mzigo wa kuandaa shindano la mwaka uliofuata. Uholanzi, iliyokuwa mwenyeji mwaka 1958, ilishinda tena mwaka 1959 lakini ikakataa uenyeji, na shindano la 1960 likafanyika London. Luxembourg ilishinda mwaka 1972 na 1973. Baada ya kuandaa mara moja haikuwa tayari kugharimia mara ya pili mfululizo, hivyo shindano la 1974 likahamia Brighton. Israeli nayo, baada ya kuwa mwenyeji na mshindi mwaka 1979, iliuacha uenyeji wa 1980, ukachukuliwa na The Hague. Katika matukio hayo, ushindi ulitangulia uwezo wa kuulipia.

Suala la ada lilileta mvutano wa aina nyingine. Kila shirika hulipa ada ya ushiriki, na mashirika ya nchi kubwa hutozwa zaidi kwa kanuni ya mshikamano. Mwaka 1996 wimbo wa Ujerumani uliondolewa katika mchujo wa awali. Kuanzia mwaka 2000, Ujerumani, Uingereza, Ufaransa na Hispania zilihakikishiwa nafasi katika fainali. Italia iliongezwa iliporejea mwaka 2011. Inaweza kudaiwa kwamba lengo lilikuwa kulinda idadi ya watazamaji, si fedha. Hata hivyo, mambo hayo mawili hayatenganishiki, kwa kuwa nchi zenye watazamaji wengi ndizo zenye michango mikubwa.

Upande wa pili wa kanuni hiyo ulidhihirika mwaka 2016. Romania ilikuwa imekwisha kuchagua mwimbaji wake, lakini EBU ikasitisha huduma kwa shirika la televisheni la nchi hiyo kwa sababu ya deni la faranga za Uswisi milioni 16. Wimbo ukaondolewa shindanoni wiki chache kabla ya fainali, pasipo kosa la msanii.

Leo, pamoja na ada na bajeti ya shirika mwenyeji, shindano hutegemea wadhamini, tiketi na michango ya miji. Liverpool ilipoandaa shindano la 2023 kwa niaba ya Ukraine iliyokuwa vitani, BBC ilisaidiwa na serikali kuu na mamlaka za jiji. Tukio hilo linaonesha kwamba ushirika wa 1956 haujafa. Hata hivyo, likilinganishwa na la Romania, linathibitisha kwamba mshikamano huo una masharti: humbeba mwanachama aliyezuiwa na vita asiandae, lakini haukumvumilia aliyeshindwa kulipa.