Makamasi yalivyowafundisha madaktari wa upasuaji

Mwaka 1893 George Caldwell wa New York alichapisha njia ya kutibu usaha uliojaa ndani ya shavu. Miaka minne baadaye, Henri Luc wa Paris naye akaeleza kivyake njia karibu ileile. Mgonjwa alichanwa chini ya mdomo wa juu, mfupa ulio juu ya meno ukatobolewa, na utando wa ndani ukakwanguliwa. Kisha likafunguliwa tundu jingine, chini, la kuingilia puani, ili uchafu ushuke wenyewe. Kwa miongo mingi operesheni hiyo ya Caldwell na Luc ndiyo iliyotegemewa. Wengi iliwasaidia. Wengine walibaki na shavu lililovimba au meno yaliyokufa ganzi, na usaha ukarudi palepale.

Siwalaumu waliobuni. Maji hufuata mteremko, na kutoboa chini kulionekana jambo la akili kabisa. Ila pua haifanyi kazi hivyo.

Pua imezungukwa na jozi nne za mapango ya hewa, yale ambayo wengi wetu huyaita sainasi: mashavuni, kwenye paji la uso, kati ya macho, na nyuma kabisa chini ya ubongo. Utando wake hutoa makamasi muda wote, hata kwa mtu mwenye afya njema, na vijinywele visivyoonekana kwa macho huyasukuma kuelekea tundu la kutokea. Katika pango la shavu, tundu hilo liko juu, karibu na jicho. Kwa hiyo makamasi hupanda ukuta.

Walter Messerklinger, daktari wa Graz nchini Austria, alitumia miaka mingi kuifuatilia safari hiyo, kwa wagonjwa na kwa maiti wa watu waliofariki punde. Aliona makamasi yakilipita tundu lililotobolewa na daktari, yakaendelea hadi kwenye tundu la asili. Akaona pia kwamba chanzo cha ugonjwa mara nyingi si shavu wala paji la uso, bali vichochoro vyembamba vilivyo kati ya macho. Tando mbili zinapovimba na kugusana hapo, vijinywele hukwama na mapango makubwa hujaa. Kikifunguliwa kichochoro hicho kidogo, utando wa shavu ambao zamani ungekwanguliwa wote huweza kupona wenyewe. Kwangu mimi, huu ndio ugunduzi mkubwa kuliko vifaa vyote vilivyofuata.

Vifaa navyo vilihitajika. Mwanafizikia wa Uingereza, Harold Hopkins, alibuni bomba jembamba la vioo virefu linalopitisha mwanga mwingi na picha safi, na katika miaka ya 1960 Karl Storz wa Tuttlingen, Ujerumani, akaanza kulitengeneza. Kwa bomba hilo daktari aliweza kutazama nyuma ya kona za pua bila kuuchana uso.

Kitabu cha Messerklinger cha Kiingereza kilitoka mwaka 1978, lakini hakikuwashtua wengi. Waliousambaza ujuzi huo wa kuvifungua vichochoro kwa bomba ni mwanafunzi wake Heinz Stammberger, na David Kennedy wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore, hasa kuanzia mwaka 1985. Picha za CT zikawa ramani yao. Bila ramani hiyo hatari ni kubwa, kwa kuwa ukuta unaolitenga jicho na mapango hayo ni mwembamba kama karatasi, na ubongo uko juu tu.

Hata hivyo kisu hakimalizi kila kitu. Vinyama vya pua, yaani vivimbe laini vinavyoota kwenye utando, huota tena hata baada ya kuondolewa, hasa kwa wenye pumu, kwa kuwa ugonjwa uko kwenye utando wenyewe. Ndiyo maana baada ya upasuaji mgonjwa huendelea kusafisha pua kwa maji ya chumvi na kupuliza dawa ya steroidi, ambayo sasa hupata njia ya kufika ndani. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha dupilumab kwa vinyama hivyo, sindano inayozuia ishara za kinga ya mwili zinazouvimbisha utando. Bei yake bado iko mbali mno na mfuko wa mgonjwa wa kawaida.