Pua iliyovunjika: yale Wamisri wa zamani waliandika

Tukizungumza juu ya dawa za wazee, watu wanafikiri mara moja majani na mizizi. Mifupa tunaisahau, na ule wa pua njo tunadharau zaidi: inatoka damu, inavimba, tunasema itapona yenyewe. Sisi wenyewe tulisema vile kwa mwanafunzi wetu mmoja aliyegongana na mwenzake kwenye mpira. Kisha majuma matatu alirudi kutuonyesha pua yake. Ilikuwa imepinda.

Basi twende Misri. Mwaka 1862, Mmarekani Edwin Smith alinunua kule Luxor kitabu cha mafunjo kilichoandikwa karibu mwaka 1600 mbele ya Yesu, nacho ni nakala ya maandiko ya zamani zaidi. James Henry Breasted alitoa tafsiri yake mwaka 1930. Ndani mna habari 48 za watu walioumia, kuanzia kichwa kwenda chini, na nne kati yazo ni za pua.

Namna yao ni hii. Kama mfupa wa pua umepinda, munganga anausukuma kwanza urudi mahali pake. Kisha anasafisha matundu kwa vitambaa vya kitani mpaka damu yote iliyoganda itoke. Wao waliifananisha na minyoo, na kila aliyetokwa damu nyingi puani anajua kwa nini. Anaingiza vitambaa viwili vilivyolowa mafuta, na huku nje anafunga vingine vilivyokunjwa vikawa vigumu, huku na huku, pua isicheze. Halafu kila siku mafuta na asali, hadi kupona. Katika habari hizo nne hamna uchawi hata neno moja.

Lakini tunalosifu zaidi ni lingine. Mtu ambaye ubavu wa pua umepondeka, damu inatoka puani na sikioni, kinywa kinamuuma akikifungua wala hasemi: hapo munganga anatamka wazi kwamba huyu hana dawa yake. Ni wangapi kati ya waunga mifupa wetu wanaokubali kusema vile?

Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, kule Ugiriki, maandiko ya Hippocrate yaliwacheka waganga wanaopenda kufunga pua kwa urembo: mgonjwa anajivuna siku moja mbili, kisha anachoka nayo. Yalitaka pua inyooshwe upesi kwa vidole, juu inashikana karibu siku kumi. Mwanafunzi wetu alikuwa amezipita mara mbili.

Hospitali leo hazisemi mbali na hapo: mtoto anyooshewe katika juma moja hivi, mtu mzima katika mawili, kupita hapo, mara nyingi ni kupasuliwa. Na kama ukuta wa katikati umevimba laini na kuziba matundu, ni damu imejikusanya humo. Itolewe siku ileile, la sivyo ule mfupa laini unakufa na pua inadidimia. Maji meupe yakitiririka puani, huenda ni fuvu limepasuka: apelekwe bila kungoja.

Juu ya kujikinga, habari zile za Misri hazisemi kitu, pikipiki hazikuwako. Sisi tuseme basi: kofia ngumu yenye kufunika uso, mkanda ndani ya gari, na pua iliyonyooshwa isirudi kiwanjani mbele ya majuma sita, hata kama mchezo ni wa fainali.