Bunduki ya Tembo: Bei, Mtutu na Sheria (1872-1912)

Katika historia ya uwindaji wa tembo barani Afrika, uchaguzi wa bunduki huelezwa mara nyingi kama suala la nguvu peke yake: mnyama akiwa mkubwa, mtutu nao sharti uwe mpana. Mifano ya miaka ya 1872 hadi 1912 yaonyesha kwamba jambo hilo halikuwa rahisi hivyo. Bunduki iliyomfaa mwindaji ilikuwa ile aliyoweza kuinunua, kuibeba na kuipatia risasi. Kwa Waafrika wengi, ilikuwa ile ambayo sheria iliwaachia.

Mfano wa kwanza ni Frederick Courteney Selous, Mwingereza aliyefika Afrika ya Kusini mwaka 1871 akiwa na umri wa miaka 19. Baada ya kuibiwa bunduki yake nzuri, alinunua magobori mawili ya Hollis wa Birmingham, kila moja kwa paundi 6. Kipimo chake kiliitwa 4, maana ratili moja ya risasi ilitoa risasi nne tu za mviringo, kila moja yenye uzito wa gramu 113 hivi. Baruti yake ilikuwa ile ya kawaida ya biashara. Kwa silaha hizo, Selous aliua tembo 78 kati ya 1872 na 1874. Bei ilikuwa ndogo, lakini gharama nyingine ililipwa na mwili: bunduki zilimpiga teke kali hata akaandika baadaye kwamba alijuta kuzitumia, kwani zilimharibia utulivu wa kulenga. Hatimaye alihamia bunduki ya Gibbs yenye mtutu mwembamba zaidi.

Mfano wa pili ni Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880. Yeye aliwinda Karamoja, na pia katika eneo la Lado, ambalo Uingereza ilimkodisha mfalme Leopold II mwaka 1894 na ambalo liliingizwa Sudani mwaka 1910, baada ya kifo cha mfalme huyo. Wakati matajiri walipotumia bunduki nzito za mitutu miwili zilizotengenezwa kwa mkono huko London, Bell alipendelea Mauser ya milimita 7. Risasi zake, zenye uzito wa gramu 11 hivi, zilitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya majeshi. Bunduki hiyo ilikuwa nyepesi, ilibeba risasi kadhaa kwa pamoja, nayo ilifaa kwa swala kama kwa tembo. Siri yake ilikuwa elimu: Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo. Kati ya tembo zaidi ya 1.000 aliowaua, wengi walianguka kwa kipenyo hicho kidogo.

Hata hivyo, ustadi wa mtu mmoja haukuweza kuwa kanuni ya wote, kwani risasi ndogo ikikosa ubongo humwacha mnyama na jeraha. Mwaka 1912 kampuni ya Holland & Holland ilitoa risasi ya .375, yaani milimita 9,5 hivi, ambayo ilifaa kwa wanyama wakubwa na wa wastani pia. Baadaye nchi kadhaa za Afrika ziliifanya kuwa kipimo cha chini kwa wanyama wa hatari.

Lakini Waafrika wengi hawakuwa na nafasi ya kuchagua. Katika Kiswahili, majina ya bunduki za zamani yafuata namna moto unavyoifikia baruti: bunduki ya mrao, bunduki ya gumegume, bunduki ya fataki. Misafara ya wafanyabiashara wa pembe ilieneza bunduki za kushindilia hadi Manyema. Kisha Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ukazuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, eneo lililoizunguka Kongo yote. Bunduki ambazo serikali ziliweza kuruhusu ziuzwe kwa watu wa kawaida zilikuwa za gumegume, zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya biashara. Mkataba huo ulitangaza nia ya kuzuia biashara ya watumwa, lakini uliathiri uwindaji pia. Katika miaka ile ile ambayo Bell alifyatua risasi kadhaa bila kushusha bunduki, mwindaji mwenyeji aliyefuata sheria alikuwa na risasi moja tu, kisha alipaswa kushindilia upya mbele ya mnyama aliyejeruhiwa.

Wala haikuwa kwamba elimu ilimkosa. Wambuti wa Ituri walijua kumnyatia tembo mpaka karibu kabisa na kumchoma kwa mkuki. Walijua mahali pa kupiga bila bunduki yoyote. Kwa hiyo, tofauti kati ya mwindaji wa Ulaya na mwindaji wa Kongo haikutokana na ujuzi wa mnyama. Ilitokana na fedha na sheria: mmoja alichagua kipenyo cha mtutu wake, mwingine alichaguliwa.