Chumvi, Rovu na Akili ya Mtoto

Akina mama, na nyinyi akina nyanya mnaolea wajukuu, sogeeni karibu na redio. Leo tunazungumza juu ya rovu, yaani ule uvimbe unaoota mbele ya shingo, ambao wengine huuita goita.

Siku moja kwenye kliniki ya wajawazito, mama mwenye mimba ya miezi mitatu aliniuliza swali kwa sauti ya chini. Mama mkwe wake ana rovu, na kila akitoka nje hujifunga kitambaa shingoni. Majirani husema hiyo ni laana ya ukoo, na kwamba mtoto aliye tumboni naye ataipata. "Sista, ni kweli?" aliniuliza. Nilimjibu kwa kumsimulia historia. Leo nawasimulia nyinyi pia.

Kwanza tuelewane. Mbele ya koo kuna tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, jina lake thairoidi. Tezi hii hutengeneza homoni zinazouongoza mwili utumie chakula kwa kasi gani, moyo upige vipi, na ubongo wa mtoto ukue vipi. Ili kutengeneza homoni hizo inahitaji madini yanayoitwa iodini. Ikiikosa, hutanuka ili inase hata kile kidogo kinachopita kwenye damu. Kutanuka huko ndiko rovu.

Iodini imejaa baharini. Milimani, mvua na barafu zimeuosha udongo kwa maelfu ya miaka, na iodini ikashuka na maji hadi baharini. Ndiyo sababu rovu limewasumbua sana watu wa milima ya Alps huko Ulaya, Himalaya huko Asia, na pia nyanda zetu za juu hapa Kenya. Si laana. Ni udongo uliopungukiwa.

Je, watu walijuaje hayo? Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois alikuwa akitumia majivu ya mwani katika kazi ya kutengeneza baruti. Alipotia asidi nyingi kupita kiasi, ulipanda mvuke wa rangi ya zambarau. Hiyo ndiyo iodini. Mwaka 1820 daktari Jean-François Coindet wa Geneva, Uswisi, aliwapa wagonjwa wa rovu, na wengi uvimbe ukapungua. Lakini dozi zilikuwa kubwa mno, na watu wakaanza kuinywa bila kumwuliza daktari. Mioyo ikawaenda mbio, wakakonda. Dawa nzuri ikapata jina baya.

Madaktari wengine walitumia kisu. Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, alikuwa hodari wa kupasua rovu. Lakini mwaka 1883 alitangaza jambo la kusikitisha: wagonjwa aliowaondolea tezi yote walivimba uso, wakawa wazito wa mwili na wa fikira. Hapo ikadhihirika kwamba tezi hii si nyama ya bure. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mama mmoja wa miaka 46, ambaye tezi yake haikufanya kazi, maji yaliyokamuliwa kutoka tezi ya kondoo. Mama huyo alipata nguvu, na kwa dawa hiyo ya kondoo akaishi hadi mwaka 1919. Na mwaka 1896 Mjerumani Eugen Baumann akatangaza kwamba ndani ya tezi yenyewe mna iodini.

Sasa twende Marekani, mji wa Akron. Mwaka 1917 David Marine na Oliver Kimball walianza kuwapa wasichana wa shule iodini kidogo kidogo, mara mbili kwa mwaka. Kati ya wasichana 2,190 waliopewa, ni 5 tu waliota rovu. Kati ya 2,305 ambao hawakupewa, 495 waliota. Baada ya ushahidi kama huo, nani angebisha?

Lakini huwezi kumfuata kila mtu na dawa mkononi. Basi waliulizana: ni kitu gani ambacho tajiri na maskini hula kila siku? Chumvi! Mwaka 1922 jimbo la Appenzell Ausserrhoden huko Uswisi lilianza kuuza chumvi iliyotiwa iodini. Mwaka 1924 ikafika madukani Michigan, Marekani. Kenya nayo iliweka sheria ya kutia iodini kwenye chumvi katika miaka ya 1970.

Akina mama wa Pwani, msiseme chumvi yetu ya bahari inatosha. Maji yakikaushwa juani, iodini inayobaki kwenye chumvi ni kidogo mno. Ni lazima itiwe kiwandani.

Hapa sasa sikilizeni kwa makini zaidi. Rovu linaonekana, lakini hasara kubwa haionekani. Mwaka 1966, katika bonde la Jimi, nchi inayoitwa leo Papua New Guinea, Peter Pharoah na wenzake waliwadunga wanawake wa baadhi ya familia mafuta yenye iodini. Wengine walidungwa maji ya chumvi tu. Kwa wale waliokosa iodini, kati ya watoto 534 waliozaliwa, 26 walidumaa akili na mwili. Kwa waliopata iodini, kati ya watoto 498 walikuwa 7. Na kati ya hao 7, mama wa watoto 6 walikuwa tayari wana mimba walipodungwa.

Umeelewa, mama? Iodini ilihitajika kabla ya mimba. Ubongo wa mtoto huanza kujengwa wakati wewe hujajua hata kwamba una mtoto. Usingoje kliniki. Binti yako wa shule anayekula ugali na sukuma wiki leo anahitaji chumvi hiyo leo.

Na kiasi chenyewe ni kidogo ajabu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mjamzito 250. Iodini ya maisha yote ya mtu haizidi kijiko kimoja cha chai.

Basi tukumbuke haya:

Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kwamba imetiwa iodini. Chumvi ya mifugo si ya jikoni.

Iweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na moto, jua na unyevu. Itie chakula kikikaribia kuiva, maana moto mwingi huipunguza iodini.

Usizidishe chumvi kwa kutafuta iodini. Chumvi yote ya siku moja isifike kijiko kimoja cha chai. Ikizidi hupandisha shinikizo la damu, na shinikizo huharibu figo.

Kama chakula chenu kikuu ni muhogo, hasa ule mchungu, uloweke na kuukausha vizuri. Kwenye kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu huko Kongo, watafiti waligundua kwamba muhogo usiotayarishwa vyema huizuia tezi kupokea hata ile iodini kidogo iliyopo.

Ukiona uvimbe shingoni, nenda kituo cha afya. Si kila rovu ni la kukosa iodini. Kuna tezi inayofanya kazi kupita kiasi, na kuna uvimbe wa saratani. Damu ipimwe. Usichanjwe kwa wembe, wala usinywe iodini ya kuoshea vidonda. Kumbuka yaliyowapata wagonjwa wa Geneva.

Wiki iliyofuata, yule mama alirudi kliniki akiwa ameandamana na mama mkwe wake. Bibi aliketi, akanitazama kwa muda, kisha akafungua kitambaa kwa mkono wake mwenyewe. "Haya, mwanangu," akasema, "nipime."

Nawe kama una nyanya au shangazi anayejificha nyuma ya kitambaa, mshike mkono mje naye. Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Tukutane tena wiki ijayo. Kwaherini.