Kyejo: Mlima Uliosimuliwa Kabla ya Kupimwa

Malori yanayotoka kijiji cha Ntunduwaro, kata ya Ruanda, wilayani Mbinga, hubeba mabaki ya msitu uliokufa zamani sana. Tangu mgodi wa Ngaka uanze kuchimbwa mwaka 2011, Ruanda ya Mbinga imejulikana nchini kwa makaa ya mawe. Ukishika pande la makaa hayo mkononi unaona tabaka juu ya tabaka, jingine jeusi la kung'aa, jingine limefifia kama mkaa uliolowa. Ni mimea iliyozama kwenye matope, ikafunikwa, ikakandamizwa, miaka zaidi ya milioni 250 iliyopita.

Matope hayo yalikuwa ndani ya ufa. Ardhi ilivutwa huku na huku, ikatitia, mito ikamwaga humo mchanga na magogo, kisha mvutano ukakoma. Wanajiolojia huita miamba ya enzi hiyo Karoo. Ufa ule ulikufa. Magharibi yake, ng'ambo ya vilima ambako Wamatengo hulima kwa mashimo ya ngolo ili udongo usiporomoke, kuna ufa wa pili ambao bado unapanuka nao umejaa maji: Ziwa Nyasa, lenye kina kinachofika mita 700. Mtu wa Lituhi au Mbamba Bay anayetega nyavu anaelea juu ya mpasuko wa bara la Afrika.

Mwisho wa ziwa upande wa kaskazini, kama kilomita 200 kutoka Ruanda kwa mstari ulionyooka, mikono mitatu ya Bonde la Ufa inakutana: wa Rukwa, wa Usangu na wa Nyasa. Hapo imesimama milima ya volkano ya Rungwe, Ngozi na Kyejo. Yote mitatu ni hai kwa hesabu ya wataalamu, ingawa watu wengi wa mwambao wa Ruvuma wanaifahamu kwa ndizi, chai na viazi vinavyotoka huko. Kuna wenyeji waliobaki na kumbukumbu ya milima hiyo, na kuna wageni waliokuja na vyombo vya kuipima, wakaondoka navyo.

Kumbukumbu kubwa kuliko zote ni ya Kyejo. Yapata mwaka 1800, kwa simulizi za wenyeji, ubavu wa kaskazini-magharibi wa mlima huo ulipasuka na lava ikateremka kama kilomita 8. Mtiririko huo unaitwa Sarabwe. Wakati huo hakukuwa na mtu wa kuandika. Frederic Elton, Mwingereza ambaye jina lake lilibandikwa baadaye kwenye uwanda wa Kitulo, alipita kaskazini ya ziwa mwaka 1877. Joseph Thomson alifuata mwaka 1879, na wamisionari wa Moravian wakajenga Rungwe mwaka 1891. Wote walikuta lava imekwisha kupoa siku nyingi. Tarehe ya mlipuko wa mwisho wa volkano ya kusini kabisa katika Bonde la Ufa nchini Tanzania, ile inayoandikwa leo kwenye orodha za volkano za dunia, imetoka vinywani mwa wazee wa Kinyakyusa. Hakuna chombo kilichoipima. Ni heshima kubwa kwa masimulizi, na haitajwi vya kutosha.

Kabla ya wazee hao ilibaki ardhi yenyewe kusimulia. Katika kingo za barabara za Rungwe, tingatinga lilipokata kilima, huonekana mkanda wa pumisi katikati ya udongo, chembe nyepesi zenye vitundu kama mkate. Huo ni mlipuko wa mlima Rungwe wa miaka kama 4,000 iliyopita, uliorusha nguzo ya majivu zaidi ya kilomita 30 angani. Majivu yake yametua pia chini ya Ziwa Nyasa. Watafiti waliochimba matope ya ziwa mwaka 2005 wakitumia tishari lenye mtambo wa kuchoronga walikuta huko hata chembe za volkano ya Toba, iliyolipuka Sumatra, Indonesia, miaka kama 75,000 iliyopita. Matope ya ziwa hili ni daftari, na kurasa zake hazijachanika.

Wakoloni walikuja na macho mengine. Tarehe 13 Desemba 1910, tetemeko la ukubwa wa 7.4 lilitikisa Rukwa. Hakuna kubwa zaidi lililopimwa Afrika Mashariki katika karne nzima ya 20, na vyombo vilivyolipima vilikuwa mbali, ng'ambo ya bahari. Waingereza walipochukua Tanganyika, idara yao ya jiolojia ilimtuma G. M. Stockley bonde la Ruhuhu, akachapisha mwaka 1932 taarifa ya makaa ya mawe ya eneo lile. Ndiyo yale makaa ambayo Ruanda inayachimba sasa. Kwa volkano ilibidi kungoja hadi mwaka 1960, D. A. Harkin alipotoa kitabu kizima juu ya miamba ya Rungwe kaskazini ya Nyasa. Kazi ya Harkin ni nzuri na bado inasomwa. Lakini tofauti ya miaka hiyo 28 inaonyesha wazi serikali ile ilitaka nini kwanza: kinachochimbika na kuuzika. Mlima unaotishia watu haukuwa na bei.

Sasa, volkano inachungwaje? Kuna dalili mbili ambazo wataalamu huzifuata kuliko nyingine.

Ya kwanza ni mfululizo wa matetemeko. Tetemeko la kawaida huja na kishindo kimoja kikubwa, kisha vidogo vinavyopungua siku hadi siku. Mfululizo hauna desturi hiyo. Huanza na mitikisiko midogo, huzidi, hutulia, hurudi, mara kumi au mia kwa siku, bila mkubwa wa kuutaja kuwa ndio wenyewe. Mara nyingi ni maji ya moto au magma inayojipenyeza kwenye mwamba na kuuvunja. Dalili ya pili ni kuvimba kwa ardhi. Magma ikijikusanya chini, uso wa juu huinuka kama andazi kwenye mafuta, ila kwa milimita, na jicho la mtu haliwezi kuona. Pozzuoli, karibu na Napoli nchini Italia, ni miongoni mwa mahali pachache ambapo jicho liliona: nguzo za marumaru za soko la Kirumi zina matundu yaliyotobolewa na kombe wa baharini, maana ardhi ilizama pamoja nazo kisha ikainuka. Kati ya mwaka 1982 na 1984 mji huo uliinuka karibu mita 1.8, na watu kama 40,000 wakahamishwa. Volkano haikulipuka.

Kwa hiyo dalili si hukumu. Watu wa ziwa letu walijifunza hilo kwa uchungu mwishoni mwa mwaka 2009. Tarehe 6 Desemba, Karonga, upande wa Malawi, ilitikiswa kwa ukubwa wa 5.8. Siku mbili baadaye likaja la 5.9. Tarehe 19 likaja la 6.0. Watu 4 walifariki, mamia wakaumia, na familia nyingi zikalala nje wakati wa mvua zikiogopa kuta zao wenyewe. Karonga iko kama kilomita 80 tu kusini ya Kyejo. Mfululizo wa namna ile, karibu namna ile na volkano, ulileta swali ambalo kila mtu wa Kyela, upande wa Tanzania, angeliuliza: je, moto unakuja?

Jibu lilitoka angani. Setilaiti za rada hupiga picha sehemu ileile mara mbili, kabla na baada, kisha wataalamu hulinganisha mawimbi yaliyorudi na kujua ardhi imesogea kiasi gani. Juliet Biggs na wenzake walipoisoma Karonga kwa njia hiyo, matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba ni mwamba ulioteleza kwenye ufa usio na kina kirefu. Magma haikuwemo. Ila jibu lilipatikana baada ya msiba. Vyombo vya ardhini vilikuwa vichache mno kueleza, usiku ule wa kwanza, watu warudi ndani au wakae nje.

Kaskazini ya Tanzania mambo yalikuwa yamekwenda kinyume chake miaka miwili tu nyuma. Tarehe 12 Julai 2007 mfululizo wa matetemeko ulianza karibu na Ziwa Natron. Tetemeko la tarehe 17, la ukubwa wa 5.9, lilifika hadi Nairobi, na watu wakakimbia maghorofa. Picha za rada zilionyesha kwamba chini ya mlima Gelai ufa uliteleza polepole kwa siku kadhaa, kisha ukuta wa magma ukapenya ardhini bila kufika juu. Tarehe 4 Septemba jirani yake, Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamasai, akalipuka na kumwaga majivu kwenye malisho. Hapo matetemeko na moto vilikuwa ndugu.

Somo la Lengai halikuachwa lipotee. Mwaka 2016 Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam na Virginia Tech ya Marekani walianza kufunga vituo vya GPS kuzunguka mlima ule, mradi unaoitwa TZVOLCANO. Kituo cha namna hii ni kitu cha kawaida kukitazama: antena iliyofungwa imara kwenye mwamba, paneli ya jua, betri ndani ya sanduku. Kinachofanya ni kupima mahali kilipo, tena na tena, mwaka mzima. Ntambila Daud na wenzake walipozichambua takwimu hizo, waliona kwamba kuanzia Machi 2022 ardhi ya Lengai ilikuwa inainuka. Safari hii vyombo vilikuwepo mlima ulipovimba.

Goma, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inakumbusha mpaka wa elimu hiyo. Mji huo una kituo cha kuchunga volkano tangu mwaka 1986, na ulionja lava ya volkano jirani, Nyiragongo, mwaka 2002, ilipokata katikati ya mitaa. Hata hivyo tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka jioni bila kuvimba kunakoonekana, na ishara za mwisho zilitangulia kwa chini ya saa moja. Matetemeko yalikuja baadaye, siku baada ya siku, magma ikipita chini ya mji hadi chini ya Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu waliamriwa kuhama. Mwaka uliotangulia ufadhili wa kituo ulikuwa umekatika. Hakuna anayeweza kusema fedha zingeuokoa mji siku ile, lakini hakuna mlinzi anayelinda vizuri akiwa amefumbwa macho.

Na Nyasa? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Thierry Camelbeeck wa Ubelgiji na Iranga wa Tanzania walitandaza vipima mitetemo kuzunguka Mbeya na kugundua matetemeko yanayoanzia chini sana, karibu na kitako cha gamba la dunia. Kati ya mwaka 2013 na 2015 mradi wa SEGMeNT, ukishirikisha taasisi za jiolojia za Tanzania na Malawi na vyuo vya Marekani, ulizika vyombo milimani na kuvizamisha vingine chini ya ziwa lenyewe. Vilinasa mitikisiko midogo ambayo hakuna aliyeihisi. Muda ulipokwisha, vikatolewa. Ndivyo miradi ilivyo. Haina kosa katika hilo. Kosa ni kuuchukua mradi wa miaka miwili kama ulinzi wa kudumu.

Wakati huohuo Kyejo inaendelea kutoa mali. Gesi ya kaboni dayoksaidi inayopanda kutoka chini yake huvunwa Rungwe na kuuzwa kwa watengenezaji wa vinywaji. Mapovu ya soda nyingi za Tanzania yametoka huko. Kampuni ya serikali ya jotoardhi, TGDC, inatafuta mvuke wa kuzalisha umeme Ngozi na Kiejo-Mbaka. Ni kazi njema, na visima vyake vitaongeza maarifa. Lakini mkondo ni uleule wa siku za Stockley: ardhi hupimwa palipo na cha kuchukua. Taifa linalopima makaa ya Ruanda kwa tani haliwezi kushindwa kuweka antena chache za kudumu Rungwe, Kyela, Lituhi na Mbamba Bay, zikazungumza saa zote na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, Dodoma. Hilo lidaiwe bungeni na kwenye halmashauri, na lidaiwe kabla ya Karonga nyingine.

Yapo pia yasiyongoja bajeti. Walimu wa shule za Rungwe na mwambao wa Nyasa wawatume wanafunzi kwa babu na bibi zao waandike kila kinachosimuliwa juu ya Sarabwe, chemchemi za moto na mitikisiko ya zamani. Na wewe unayesoma ukiwa Liuli, Ruanda au Matema, nyumba ikitikisika, andika saa, mahali, muda uliochukua na kilichoanguka, kisha upeleke kwa mtendaji wa kijiji na kwa GST. Tarehe ya Kyejo ilipatikana kwa sababu kuna mtu aliyekumbuka.