Mashua za watu wanne: mbio za mtoano za vyuo vikuu zinavyoendeshwa

Kila mwaka mwezi Novemba, katika mji wa Cambridge nchini Uingereza, wanafunzi huamka alfajiri wakati bado giza na baridi kali, wakabeba mashua mabegani hadi mto Cam. Muhula wao huanza mapema Oktoba. Kwa hiyo wana wiki nne au tano tu za mazoezi kabla ya mashindano ya mashua za watu wanne. Baada ya taabu yote hiyo, nusu ya timu hushindana mara moja tu. Zikishindwa mbio ya kwanza, zimetoka. Hakuna marudiano wala pointi za kufidia.

Hayo ndiyo mashindano ya mtoano. Katika makala hii tunaeleza mashua hizi zilivyo, mbio zinavyoendeshwa, na jinsi waandaaji wanavyojitahidi ili anayetolewa atolewe kwa haki.

Mashua yenyewe

Ukisikia mashua, huenda ukafikiria ngalawa au mtumbwi wa kuvulia samaki. Hii ni tofauti. Ina urefu wa karibu mita 13, lakini ni nyembamba kiasi kwamba watu hawawezi kukaa wawili ubavu kwa ubavu. Hukaa mmoja nyuma ya mwingine. Ni nyepesi mno. Sheria za kimataifa zinataka mashua ya watu wanne isiyo na mshika usukani isipungue kilo 50, yaani sawa na mfuko mmoja wa saruji.

Kila mpiga makasia ana kasia moja lenye urefu wa karibu mita 3.7, na hulishika kwa mikono miwili. Makasia mawili yako upande wa kulia na mawili upande wa kushoto. Wapiga makasia huupa mgongo upande wanakokwenda, kwa hiyo wanaona walikotoka tu.

Kiti cha kila mmoja kina magurudumu madogo na huteleza mbele na nyuma. Ndiyo maana nguvu kubwa ya mchezo huu hutoka miguuni, wala si mikononi kama wengi wanavyodhani. Ni kama kuinua gunia la mahindi: anayejua kazi husukuma kwa miguu, asiyejua huumia mgongo.

Aliye karibu na omo, yaani mbele ya mashua, huitwa namba moja. Aliye karibu na tezi, yaani nyuma, ni namba nne, na huyo ndiye anayepanga mwendo. Wenzake watatu wanamtazama mgongoni na kupiga kasia pamoja naye. Katika mbio hupiga zaidi ya mara 30 kwa dakika. Mmoja akichelewa hata kidogo, mashua huinama upande. Kasia likinaswa majini, mashua yote inaweza kukaribia kusimama.

Mshika usukani

Kuna aina mbili za mashua za watu wanne. Ya kwanza ina mtu wa tano, mshika usukani. Huyu hapigi kasia. Kazi yake ni kuelekeza mashua, kuwaambia wenzake wapo wapi, na kuwahimiza. Kwa kawaida ni mtu mdogo wa mwili, kwa kuwa kila kilo ni mzigo. Lakini katika mashindano ya kimataifa sheria zinataka asipungue kilo 55. Akipungua, hubebeshwa uzito wa ziada ili timu isipate faida kwa kumchagua mtu aliyejinyima chakula.

Aina ya pili haina mshika usukani. Mmoja wa wapiga makasia huelekeza mashua kwa mguu, maana kiatu chake kimeunganishwa na usukani kwa waya. Hapo lazima ageuze shingo mara kwa mara kutazama mbele, huku mikono na miguu ikiendelea na kazi. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika mashua hii lazima mmoja akubaliwe kuwa nahodha kabla mashua haijaingia majini.

Mtoano unavyohesabiwa

Mtoano wa mashua ni kama mtoano wa kombe la mpira wa miguu. Timu hupangwa mbili mbili kwa kura. Mshindi anaendelea, aliyeshindwa anakwenda nyumbani. Zikiwa timu 16, hubaki 8, kisha 4 za nusu fainali, kisha 2 za fainali.

Kuna njia rahisi ya kujua mbio zitakuwa ngapi. Kila mbio hutoa timu moja, na mwishoni hubaki moja tu. Kwa hiyo timu 16 zinahitaji mbio 15, na timu 13 zinahitaji mbio 12. Timu zikiwa 13, tatu kati yake hupita raundi ya kwanza bila kushindana, ili raundi ya pili iwe na timu 8 kamili.

Udhaifu wa mfumo huu ni kwamba kura inaweza kukutanisha timu mbili bora siku ya kwanza. Timu ya pili kwa ubora inaweza kutolewa mapema, na nyingine dhaifu kuliko hiyo ikafika nusu fainali. Katika mashindano makubwa, waandaaji hupunguza tatizo hilo kwa kuzitenga timu zinazojulikana kuwa na nguvu kabla ya kura kupigwa.

Mto mwembamba, mbio mbili ndani ya moja

Sasa tuje kwenye shida ya Cambridge. Chuo Kikuu cha Cambridge kina vyuo vidogo 31 ndani yake, na karibu kila kimoja kina klabu ya makasia. Klabu ya chuo cha St John's, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1825. Mashua ni nyingi, lakini mto Cam ni mwembamba na una kona kali. Mbili zinazojulikana sana huitwa Grassy na Ditton. Mashua mbili haziwezi kushindana hapo sambamba. Hata kama zingeenea, iliyo upande wa ndani wa kona ingepita njia fupi kuliko mwenzake.

Suluhisho lao ni hili. Mashua mbili huanza kwa wakati mmoja, lakini moja ikiwa mbele ya nyingine kwa umbali uliopimwa. Mwisho wa mbio pia ni miwili, nayo imetenganishwa kwa umbali uleule.

Tuchukue mfano. Tuseme mashua A inaanza mita 100 mbele ya mashua B. Basi mstari wa kumalizia wa A nao uko mita 100 mbele ya mstari wa B. Kila moja inapiga makasia umbali ulio sawa kabisa na mwenzake, na kila moja inapita kona zote ikichagua njia yake. Kwenye kila mstari kuna mwamuzi anayetoa ishara pale mashua yake inapopita. Ishara ya kwanza ndiyo ya mshindi, na tofauti hutajwa kwa sekunde.

Mtazamaji aliye ukingoni anaweza kuchanganyikiwa. Mashua iliyo nyuma inaweza kuwa ndiyo inayoongoza. Kama mashua B imepunguza pengo kutoka mita 100 hadi 80, B inashinda, ingawa bado iko nyuma.

Walio ndani ya mashua nao wana hali tofauti. Kwa kuwa wapiga makasia wanatazama nyuma, walio katika mashua ya mbele wanamwona mpinzani akiwafuata. Walio katika mashua ya nyuma hawamwoni. Wanategemea sauti ya mshika usukani tu, na kama hawana mshika usukani, wanategemea kuaminiana.

Henley: mto mpana zaidi, sheria ileile

Mashindano ya mtoano ya makasia yanayojulikana zaidi duniani hufanyika Henley, kwenye mto Thames. Yalianza mwaka 1839. Hapo mto ni mpana na umenyooka vya kutosha mashua mbili kwenda sambamba, lakini mbili tu. Njia ina urefu wa mita 2,112, na timu nzuri ya watu wanne huimaliza kwa dakika saba hivi. Tofauti kati ya mshindi na mshindwa hutajwa kwa urefu wa mashua: mshindi anaweza kuwa mbele kwa mashua nzima, nusu yake, au chini ya hapo.

Hata Henley haki haiji yenyewe. Upepo ukivuma kutoka upande mmoja, mashua iliyo karibu na ukingo wenye kinga hupata maji yaliyotulia kuliko mwenzake. Kwa hiyo timu hazichagui upande. Upande hufuata kura.

Aliyeruka majini mwaka 1868

Ni Henley pia ambako mashua za watu wanne zilibadilika. Mwaka 1868 mashua zote za aina hii zilizoshindana huko zilikuwa na mshika usukani. Walter Woodgate wa chuo cha Brasenose, Oxford, aliona kwamba mtu huyo ni mzigo tu. Wakamwambia mshika usukani wao, mwanafunzi Frederic Weatherly, aruke majini mara mbio zitakapoanza.

Akaruka. Masimulizi ya tukio hilo yanasema alinaswa kwenye mayungiyungi na nusura azame. Mashua, ikiwa imepungua uzito wa mtu mzima, iliwaacha wapinzani mbali. Brasenose walifika wa kwanza, lakini walinyang'anywa ushindi.

Hata hivyo hoja yao ilikuwa imeonekana mbele ya kila mtu. Mwaka 1873 kombe hilohilo lilianza kushindaniwa na mashua zisizo na mshika usukani, na hivyo ndivyo ilivyo hadi leo. Weatherly alinusurika, akawa mwanasheria na mtunzi maarufu wa maneno ya nyimbo.

Kisa hiki hukumbukwa kwa kicheko, lakini kina funzo kuhusu mtoano. Mahali ambapo kushindwa mara moja ni mwisho, watu hutafuta kila mwanya. Timu iliyofuata sheria siku ile ingekuwa imetolewa na mashua iliyomtupa mtu wake majini. Waamuzi walitenganisha mambo mawili: wazo jipya linaweza kuwa zuri, lakini sheria hubadilishwa kwanza, kisha ndipo watu hushindana kwa sheria mpya.

Wanaoanzia chuoni

Wengi wanaopiga makasia vyuoni hawakuwahi kushika kasia kabla ya kufika huko. Mashua ni ghali, na mwanafunzi wa kawaida hawezi kujinunulia. Klabu ya chuo ndiyo inayomiliki mashua na makasia, na hufundisha wageni kila mwaka, wanawake na wanaume.

Mfano wa karibu nasi ni Kathleen Noble wa Uganda. Alianza kupiga makasia akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, alikuwa Mganda wa kwanza kushindana katika mchezo huo, akiwa peke yake ndani ya mashua ya mtu mmoja.

Ukisikiliza matokeo

Siku ukisikia matokeo ya mbio hizi, kumbuka mambo matatu. Kwanza, sikiliza kama tofauti imetajwa kwa sekunde au kwa urefu wa mashua. Sekunde huenda zikakuonyesha kwamba mashua hazikwenda sambamba. Pili, sikiliza kama mashua ilikuwa na mshika usukani au haikuwa naye, kwa kuwa hayo ni mashindano mawili tofauti. Tatu, timu iliyotolewa siku ya kwanza si lazima iwe timu mbaya. Mtazame aliyeitoa. Ikiwa ndiye aliyechukua kombe, basi huenda mbio ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa fainali yenyewe.